Sura ya Sita: Njia Zilizopita Moscow

Kutoka Dushanbe, mji mkuu wa Tajikistan, hadi Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, ni kilomita 300 hivi kwa njia ya anga. Ndege ya abiria huzikata bila kumaliza saa nzima. Hata hivyo, kuanzia 1992 hadi Aprili 2017 hapakuwa na safari za ndege za ratiba kati ya miji hiyo miwili. Aliyefiwa na shangazi upande wa pili alikuwa na njia mbili. Angeweza kwenda kwa gari mpaka mpakani, avuke kwa miguu ikiwa ana viza na maofisa wameridhika, kisha atafute gari jingine. Au angepanda ndege mpaka nchi ya tatu, pengine Almaty, pengine Istanbul, pengine hata Moscow, na kutoka huko arudi tena Asia ya Kati. Moscow iko karibu kilomita 3,000 kutoka Dushanbe. Shangazi angekuwa ameshazikwa.

Kilichozuia safari hiyo si milima wala ukosefu wa abiria. Samarkand na Bukhara, miji mikongwe ya Uzbekistan, imejaa watu wanaozungumza Kitajiki nyumbani mwao, na Tajikistan nayo ina Wauzbeki wengi. Tatizo lilianzia juu. Tajikistan iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1992, na Uzbekistan ikajifungia isiambukizwe. Vita vilipokwisha mwaka 1997 yakabaki mengine: mabomu ya kutegwa ardhini mpakani, ugomvi wa maji ya mito na bwawa la Rogun ambalo Tajikistan ilitaka kulijenga, na uhasama wa wazi kati ya marais wawili, Islam Karimov na Emomali Rahmon. Karimov alifariki Septemba 2016. Mrithi wake, Shavkat Mirziyoyev, akafungua milango, na baada ya miezi saba tu ndege zikaanza kuruka.

Ndiyo maana katika sura hii nimeichukua ratiba ya ndege na kuisoma kama hati ya historia. Nchi 15 zilizozaliwa Umoja wa Kisovieti uliposambaratika Desemba 1991 zimetia saini mikataba mingi ya urafiki na ushirikiano, nami nimeisoma baadhi yake. Mikataba hiyo haimwambii msomaji nani anamhitaji nani, wala nani anamwogopa nani. Ratiba inamwambia. Tangu Mkataba wa Chicago wa 1944, kila dola ina mamlaka juu ya anga lake, na ndege ya biashara haivuki mpaka bila serikali mbili kukubaliana. Zikishakubaliana, lazima wapatikane watu wenye sababu ya kusafiri na nauli mfukoni. Kila safari inayodumu imepita vizingiti vyote hivyo.

Ili tuelewe kilichovunjika, tuanze na kilichokuwepo. Aeroflot lilikuwa shirika pekee la ndege la nchi iliyochukua sehemu ya sita ya nchi kavu ya dunia, na katika miaka ya 1980 lilibeba abiria zaidi ya milioni 100 kila mwaka. Hakuna shirika lililolikaribia kwa ukubwa. Umbo la mtandao wake lilikuwa la gurudumu la baiskeli: Moscow kitovu, na spoku zikienda Riga, Kyiv, Tbilisi, Tashkent, Vladivostok. Hata ndege ya ajabu ya Wasovieti, Tupolev 144 iliyopita kasi ya sauti, ilipoanza kubeba abiria tarehe 1 Novemba 1977 ilipangiwa njia ya Moscow hadi Alma-Ata (leo Almaty), mji mkuu wa Kazakhstan wakati huo. Ilifanya safari 55 za abiria, ikaondolewa mwaka uliofuata. Wafaransa na Waingereza waliipeleka Concorde yao New York. Wasovieti waliipeleka ya kwao Asia ya Kati, na hapo unaona walitaka kuonyesha nini: kwamba jamhuri ya mbali ilikuwa nyumbani, saa mbili tu kutoka Ikulu ya Kremlin.

Lakini gurudumu lile lilikuwa na kitu ambacho watu wanakisahau, nacho ni njia ndogo ndogo za pembeni. Antonov 24 na Yakovlev 40 ziliunganisha wilaya na wilaya, bonde na bonde, jamhuri na jirani yake. Mwarmenia alipanda ndege Yerevan akashuka Baku bila viza, maana ilikuwa safari ya ndani ya nchi moja. Nauli iliwekwa na serikali, na mfanyakazi wa kawaida aliimudu. Njia hizo hazikuwa na faida kwa hesabu za biashara. Serikali ilizilipia kwa sababu ilitaka watu wake waonane.

Mwaka 1992 Aeroflot lilikatwa vipande. Kila jamhuri ilichukua ndege zilizokutwa kwenye viwanja vyake siku ile, marubani wake na madeni yake, na ndani ya Urusi kwenyewe yakazuka mamia ya mashirika madogo yaliyopachikwa jina la utani la watoto wa Aeroflot. Mafuta yakapanda bei, mishahara ikayeyuka, vipuri vikaadimika. Abiria wa mashirika ya Urusi walipungua kutoka karibu milioni 90 mwaka 1990 hadi karibu milioni 22 mwaka 2000. Viwanja vya ndege vya Urusi, vilivyokuwa zaidi ya 1,400, vikabaki chini ya 300. Kijiji cha Siberia kilichozoea ndege mara tatu kwa wiki kikajikuta kinasubiri mto ugande ili magari yapite juu ya barafu.

Njia ndogo za pembeni ndizo zilizokufa kwanza, na nyingi hazijafufuka mpaka leo. Spoku za Moscow zikabaki. Kwa nini? Wengi hujibu haraka kwamba ni ukoloni wa Warusi usiotaka kuondoka. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini halitoshi. Spoku za Asia ya Kati zilishikiliwa na vibarua.

Tazama Bonde la Fergana, ardhi yenye rutuba iliyogawanywa kati ya Uzbekistan, Kyrgyzstan na Tajikistan kwa mipaka ya kupindapinda iliyochorwa enzi za Stalin. Ndani yake na kandokando yake kuna miji ya Osh, Andijan, Namangan, Fergana na Khujand. Osh na Andijan ziko umbali wa kilomita 50 hivi, lakini kila mji una nchi yake, na kwa miaka mingi kuvuka kati yao kulikuwa kazi nzito. Ukiangalia ubao wa safari kwenye uwanja wa Osh au wa Khujand katika miaka ya 2000 na 2010, ungeona Moscow, ungeona Yekaterinburg, Novosibirsk, Krasnoyarsk: miji ya Urusi, mingine ya Siberia, yenye majengo yanayojengwa, masoko yanayofagiliwa na teksi zinazotafuta madereva. Mji wa jirani usingeuona. Kijana wa Khujand alifika Siberia kwa urahisi kuliko alivyofika kwa binamu yake upande wa pili wa bonde.

Ndege hizo zilijaa mwezi Machi na Aprili zikienda kaskazini, zikajaa tena Novemba na Desemba zikirudi, kwa kufuata majira ya ujenzi. Mwaka 2013 pesa zilizotumwa nyumbani na Watajiki walioko nje, karibu wote Urusi, zilifikia zaidi ya asilimia 40 ya pato zima la taifa. Nchi chache sana duniani zimewahi kuwategemea watu wake wa nje kiasi hicho. Rais anaweza kuhutubia kuhusu uhuru mchana kutwa. Familia ya kijijini inajua ugali wake, au tuseme mkate wake wa tanuri, unatoka kwenye saruji ya Moscow. Utegemezi huo una uchungu wake. Baada ya magaidi kuua watu katika ukumbi wa Crocus karibu na Moscow mwezi Machi 2024, na watuhumiwa wakuu kutajwa kuwa Watajiki, mamia ya vibarua wasiohusika walizuiwa viwanjani, wakalala sakafuni, wengine wakarudishwa walikotoka. Njia ilikuwa wazi kwenye ratiba lakini mlango ulikuwa umefungwa.

Nchi za Baltiki zilikwenda njia nyingine kabisa, na hazihitaji maelezo marefu. Estonia, Latvia na Lithuania ziliingia Umoja wa Ulaya na NATO mwaka 2004. Shirika la airBaltic, lililoanzishwa mwaka 1995 serikali ya Latvia ikishirikiana na shirika la SAS la Skandinavia, likaigeuza Riga kuwa kitovu chenye abiria wa Helsinki, Berlin na hata Tbilisi na Baku. Mashirika ya bei nafuu yakafuata, yakiwabeba Walithuania kwenda kufanya kazi Uingereza na Ireland. Vibarua tena, ila safari hii wameelekea magharibi. Moldova nayo, baada ya raia wake kuruhusiwa kuingia Ulaya bila viza mwaka 2014, ikageuza uso polepole kuelekea Italia na Ujerumani, ambako binti zake wengi wanatunza wazee.

Ni katika Kaukazi, eneo la milima kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, ndipo ratiba inaposomeka kwa maumivu zaidi. Yerevan, mji mkuu wa Armenia, na Baku, mji mkuu wa Azerbaijan, zilizokuwa safari moja fupi ya ndani, hazijawa na ndege za ratiba kati yao tangu vita vya Nagorno-Karabakh vya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Stepanakert, mji mkuu wa eneo hilo lililogombewa, ulijengewa jengo jipya la abiria kwenye uwanja wake wa ndege, lililokamilika mwaka 2011. Azerbaijan ikatamka kwamba ndege itakayotua pale itatunguliwa. Hakuna abiria wa kawaida aliyewahi kupanda ndege pale. Wafanyakazi walikuja kazini, sakafu ikapigwa deki, vioo vikang'aa, na kila kitu kikasubiri. Mwezi Septemba 2023 Azerbaijan ilipolitwaa eneo lote, Waarmenia zaidi ya 100,000 waliondoka ndani ya siku chache. Waliondoka kwa magari, kwa barabara moja ya milimani, foleni ikienda usiku na mchana. Mimi nalihesabu jengo lile miongoni mwa majengo ya kusikitisha zaidi yaliyojengwa katika karne hii.

Kati ya Georgia na Urusi, ndege zimekuwa zikifungwa na kufunguliwa kufuata hasira za Kremlin. Urusi ilizisimamisha Oktoba 2006, Georgia ilipowakamata maofisa wa Kirusi kwa tuhuma za ujasusi. Zikarudi Machi 2008. Mwezi Agosti mwaka huo huo vita vikazuka, zikakatika. Zikarudi tena polepole, biashara ya utalii ikakua, mvinyo wa Georgia ukauzwa. Kisha tarehe 20 Juni 2019 mbunge wa Kirusi akaketi kwenye kiti cha spika ndani ya bunge la Tbilisi, watu wakajaa barabarani kwa ghadhabu, na siku iliyofuata Vladimir Putin akatia saini amri ya kusimamisha safari kuanzia tarehe 8 Julai. Saini moja iliwaacha wenye nyumba za wageni wa Tbilisi na Batumi bila wateja katikati ya msimu. Amri hiyo ilifutwa Mei 2023. Safari hii waliopinga walikuwa Wageorgia wenyewe: ndege ya kwanza kutoka Moscow ilipotua, waandamanaji walikuwa wakiisubiri uwanjani. Salome Zourabichvili, aliyekuwa rais, aliahidi kususia shirika la nchi yake lililokubali kuruka kwenda Moscow, na mwanzilishi wa shirika hilo akajibu kwamba rais hakaribishwi ndani ya ndege zake mpaka aombe radhi. Taifa zima lilikuwa linabishana kuhusu tiketi, na mabishano yalikuwa ya maana, maana swali lililokuwa chini yake ni kama Georgia inaweza kula na anayekalia sehemu ya ardhi yake.

Na sehemu yenyewe ina uwanja wa ndege. Sukhumi, mji mkuu wa Abkhazia iliyojitenga na Georgia, ulikuwa kituo kikubwa cha wanaokwenda ufukweni enzi za Sovieti. Septemba 1993, vita vikiwa vimepamba moto, ndege za abiria zilitunguliwa pale, na uwanja ukanyamaza kwa zaidi ya miaka 30. Mwezi Mei 2025 safari za ratiba kutoka Moscow zilianza tena. Georgia inaziita haramu. Kutoka Tbilisi hakuna ndege.

Kati ya Kyiv na Moscow palikuwa na njia yenye msongamano kuliko nyingi barani. Baada ya Urusi kuitwaa Krimea mwaka 2014 na vita kuanza Donbas, mashariki mwa Ukraine, ikiwemo kutunguliwa kwa ndege ya Malaysia MH17 tarehe 17 Julai mwaka huo na kuuawa watu wote 298, njia hiyo iliendelea kwa muda, kisha ikafungwa tarehe 25 Oktoba 2015. Mamilioni ya familia zilikuwa na ndugu pande zote mbili. Zikaanza kupita Minsk, mji mkuu wa Belarus. Belarus ikapata biashara isiyoitafuta: Mukraine na Mrusi wakinywa kahawa ndani ya uwanja mmoja, kila mmoja akingoja ndege ya kwenda kwa mwenzake.

Minsk ikaiua biashara hiyo kwa mkono wake. Tarehe 23 Mei 2021 ndege ya Ryanair iliyotoka Athens kwenda Vilnius ililazimishwa kutua Minsk kwa madai ya bomu. Bomu halikuwepo. Aliyekamatwa alikuwa mwandishi wa habari mpinzani, Roman Protasevich, pamoja na mwenzake wa kike. Umoja wa Ulaya ukalifungia anga shirika la Belarus. Miezi tisa baadaye, tarehe 24 Februari 2022, Urusi ikaivamia Ukraine, na anga lote la Ukraine, nchi ya watu milioni 40, likawa tupu. Siku chache baadaye Ulaya ikayafungia mashirika ya Urusi, na Urusi ikajibu kwa kuzifungia nchi 36. Ndege ya Moscow kwenda Kaliningrad, kipande cha Urusi kilichoko katikati ya Poland na Lithuania, sasa inazunguka juu ya bahari ya Baltiki ili isiguse ardhi ya mtu.

Msukosuko huo ulifika hadi pwani yetu. Zanzibar ilikuwa imewapokea Warusi na Waukraine kwa wingi tangu 2020, visiwa vingi vilipokuwa vimejifungia kwa sababu ya korona. Vita vilipoanza, mamia ya Waukraine walikuwa mahotelini Unguja na hawakuwa na anga la kurudia. Na si mara ya kwanza kwa maji na anga letu kuguswa na mkasa huu. Ilyushin 76, ndege za mizigo zilizoundwa Tashkent, pamoja na Antonov za kila aina zilizokosa kazi baada ya 1991, ziliuzwa na kukodishwa Afrika pamoja na marubani wake. Mwanza zilikuja kuchukua sangara. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, iliwaonyesha marubani hao. Goma na Bukavu zilileta kila kitu, hata silaha. Tarehe 8 Januari 1996 Antonov 32 ilishindwa kuruka Kinshasa ikaingia sokoni na kuua zaidi ya watu 200. Watu wa Kongo waliolipia kusambaratika kwa Aeroflot hawajawahi kuhesabiwa kama sehemu ya historia hiyo, nami nawahesabu hapa.

Tangu 2022 kitovu cha gurudumu kinahama, na hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote niliyoyaeleza. Uturuki haikujiunga na vikwazo vya Magharibi. Istanbul imekuwa mahali ambapo Mrusi, Mukraine, Mkazaki na Mturkmeni wanapishana, na ndege za Kituruki zinatua Almaty, Bishkek, Tashkent, Samarkand, Dushanbe na Ashgabat. Dubai imechukua wake. Yerevan iliwapokea maelfu ya vijana wa Kirusi waliokimbia kuandikishwa jeshini. Kazakhstan, ambayo shirika lake la Air Astana lilianza kuruka mwaka 2002 kwa ubia na kampuni ya Kiingereza ya BAE Systems, leo inawapeleka watu wake kwingi bila kupita Urusi. Ni Turkmenistan pekee iliyojenga bila abiria: uwanja wa Ashgabat wenye umbo la ndege anayeruka, uliofunguliwa Septemba 2016 kwa gharama ya dola bilioni 2.3, unaweza kupokea watu milioni 14 kwa mwaka, mara mbili ya raia wote wa nchi hiyo, ambao serikali yao haiwaachi kutoka kwa urahisi.

Moscow yenyewe imeharakisha kuhama huko. Tarehe 25 Desemba 2024 ndege ya Azerbaijan Airlines iliyotoka Baku kwenda Grozny nchini Urusi iliharibiwa angani, ikavuka Bahari ya Kaspi ikiyumba, ikaanguka karibu na Aktau, Kazakhstan. Kati ya watu 67 waliokuwemo, 38 walikufa. Ndani ya siku chache Azerbaijan ilisema kwamba ndege ilipigwa kutoka ardhi ya Urusi, na ikasimamisha safari zake za kwenda miji kadhaa ya Urusi. Ilichukua mpaka Oktoba 2025 kwa Putin kukiri, mbele ya Rais Ilham Aliyev, kwamba makombora ya ulinzi ya Urusi yalilipuka karibu na ndege hiyo. Abiria wa Baku hawakungoja kukiri huko ili kuamua wapitie wapi.

Kwa hiyo napinga wanaosema kwamba njia za Moscow zikikatika nchi hizi zitakuwa huru. Kubadili kitovu si sawa na kurudisha njia za pembeni. Kibarua anayepita Istanbul badala ya Moscow bado hawezi kumwona jirani yake. Kipimo changu ni safari fupi, zile za saa moja kati ya watu waliowahi kuzikana na kuoana. Kyrgyzstan na Tajikistan zilipigana mpakani mwaka 2021 na tena Septemba 2022, watu wengi wakafa, na ndege kati ya Bishkek na Dushanbe zikasimama. Tarehe 13 Machi 2025 marais Sadyr Japarov na Emomali Rahmon walitia saini mkataba wa mpaka wao wote, na mwezi huo huo ndege zikarejea. Mkataba huo ndio ninaouamini kuliko yote ya eneo lile, kwa sababu una abiria ndani yake.